Panya wa Daktari na Jani la Bana Chola

Wanangu, kama mnataka kukausha jani la dawa, msilianike juani. Jua la Nchelenge hukausha samaki vizuri, lakini jani hulichoma nguvu. Lianikeni kivulini, juu ya mkeka, penye hewa, na mligeuze kila mnapopita. Tena msilianike mahali ambapo upepo unatoka kwenye vichanja vya samaki. Fungu letu la kwanza kabisa lilinuka chisense, wale samaki wadogo wa ziwani, hata daktari alipolinusa aliuliza kama tumemletea dawa au kitoweo. Tulilitupa lote. Kuku wa hospitali walilila, na hakuna hata mmoja aliyelalamikia tumbo.

Ndivyo nilivyoanza kazi, katika miaka ya hamsini, kwenye hospitali ndogo ya misheni kando ya Ziwa Mweru. Namshukuru Mungu aliyenipa kazi ile nikiwa na nguvu, na ambaye ameniachia kumbukumbu baada ya nguvu kwisha. Nyumbani tulisema Kibemba, lakini hospitalini Kiswahili hakikuepukika, kile cha Kongo kinachosema banakuja badala ya wanakuja, maana wagonjwa wengi walivuka ziwa kutoka Kongo, na daktari wetu mwenyewe alikuwa amefanya kazi upande ule kabla ya kuja kwetu. Ndiyo sababu nawaandikia kwa lugha hii, mnisome pande zote mbili za maji.

Daktari alikuwa muzungu mrefu, mpole, aliyeinama kila alipopita mlangoni. Watu walimwita Bwana Panya. Panya wake walikuwa weupe wenye macho mekundu, nao waliletwa ndani ya sanduku juu ya lori la samaki lililokuwa likirudi tupu kutoka mjini. Wanawake waliokuja kuchukua dawa walituuliza wale panya watafika lini kimo cha kuingia chunguni. Mmoja alimwambia mwenziwe, nami nasikia, kwamba sisi tunawafukuza na muzungu anawafuga, basi kila mtu na mifugo yake.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Ba Kapembwa, mkubwa wetu sisi wasaidizi. Kabla ya kuingia hospitali alikuwa mvuvi na fundi wa nyavu huko Kabuta, na alifunga bandeji kama alivyofunga wavu, kwa fundo dogo lisiloonekana lakini lisilofunguka. Kwake nilijifunza kwamba panya hashikwi mkia. Alisema ukimshika mkia anadhani wewe ni paka, lakini ukimshika taratibu nyuma ya mabega anadhani wewe ni mama yake. Kwake pia nilijifunza kuchuja. Jani lililotwangwa hulowekwa kwenye maji ya moto, likafunikwa mpaka kesho yake, kisha likachujwa kwa kitambaa cha amerikani. Usikamue kitambaa, hata kama umechoka kungoja, kwa sababu ukikamua unapitisha vumbi la jani. Maji yale huchemshwa taratibu, sufuria ndani ya sufuria, mpaka yabaki kitu kizito cheusi kama asali ya zamani. Ba Kapembwa aliniambia kwamba nikiona haraka imenishika, nitoke nje nishone wavu, maana wavu haushoneki kwa haraka. Sikuwa na wavu, kwa hiyo nilitoka nje nikakaa tu. Ilisaidia vilevile.

Sasa niwaeleze jani lilitoka wapi. Jina la mti siliandiki, kwa sababu nimeona watu wakisoma jina la mti mmoja na kwenda kuchemsha mwingine. Mwenye kuujua mti huo alikuwa mjane aitwaye Bana Chola, yaani mama yake Chola. Alizaliwa upande wa Kongo, karibu na Pweto, akaolewa kwetu, na mumewe alikuwa amezikwa katika makaburi ya kanisa. Yeye mwenyewe alikuwa Mkristo wa siku nyingi. Watu wenye tumbo la kuchoma, wale ambao chakula kikishuka kinageuka moto, walimwendea, naye akawapa maji ya jani lake wanywe kabla ya kula. Wengi wao walikuwa wavuvi na madereva, watu wa kula mara moja kwa siku na kumimina pombe kali juu ya tumbo tupu.

Ila kulikuwa na jambo. Wanawake waliokwenda kuokota kuni walimwona akichuma, na kila alipochuma alisema na mti. Alichosema hawakukisikia. Habari ikawafikia wazee wa kanisa, nao wakashika sheria yao, kwamba mwenye kusema na miti au na pepo haketi kwenye meza ya Bwana. Bana Chola akawekwa kando. Hakubishana. Aliendelea kuja kila Jumapili, akikaa benchi la nyuma, na mkate na kikombe vilipopita alitazama mikono yake. Wakati huohuo baadhi ya nyumba za wazee wenyewe ziliendelea kutuma watu kwake na chupa tupu. Siwacheki. Tumbo likichoma, mtu hatafuti sheria.

Mkuu wa wazee wale alikuwa Mzee Chisanga, mvuvi wa zamani. Msije mkamsoma vibaya. Alikuwa mtu wa haki, na wengi tulisoma neno la Mungu miguuni pake.

Daktari alimjua Bana Chola kwa sababu ya dereva mmoja wa lori la samaki. Dereva yule alikondeshwa na kidonda cha tumbo, na daktari alitaka kumpeleka mbali akapasuliwe. Hakwenda. Tulipomwona tena alikuwa amenenepa na mkanda wake umelegezwa, na alipoulizwa amekula nini alijibu kwamba amekunywa jani. Daktari akapanda baiskeli, akaenda mwenyewe kwa Bana Chola, akaonyeshwa mti na kuomba ruhusa ya kuupima.

Mzee Chisanga aliposikia alikuja hospitalini kufanya mapatano. Jani lichumwe na mikono mingine, bila neno lolote. Likifanya kazi, basi nguvu iko ndani ya jani kama Mungu alivyoliumba, na yule mama atarudi mezani. Lisipofanya kazi, basi kilichowaponya watu si jani, na itabidi kanisa limwondoe kabisa. Daktari alimwambia kwamba panya hawajui mambo ya pepo. Mzee akajibu kwamba huo ndio uzuri wao, hawana upande.

Kuondolewa kabisa maana yake tuliijua wote. Mtu aliyeondolewa hakuzikwa katika makaburi ya kanisa. Bana Chola hakuwa na ndugu upande huu wa ziwa, na kaburi la mumewe alilifagia kila mwezi kama mtu anayefagia chumba atakachohamia. Alimwambia mama yangu kwamba meza anaweza kuingoja, lakini akifa akiwa nje, hakutakuwa na kungoja tena.

Kipimo chenyewe kilikuwa hivi. Panya waliachwa bila chakula, kwa maji tu, mpaka tumbo liwe tupu. Kisha nusu yao walinyweshwa maji ya jani kwa mpira mwembamba unaopita kooni, na nusu maji matupu, ili wawe wa kulinganishia. Baada ya hapo daktari aliwalaza kwa etha, akafunga kwa uzi pale tumbo linapoingia utumboni, akawashona. Tumbo lililofungwa hivyo hujaa tindikali yake lenyewe na kujiunguza. Kesho yake panya aliuawa kwa etha, tumbo likapasuliwa, likaoshwa, likatandazwa ubaoni kwa pini, na tukatafuta vidonda kwa kioo cha kukuza. Leo mna njia za upole zaidi, nami nafurahi. Sisi tuliomba kila asubuhi kabla ya kuanza, na daktari aliwataja panya katika maombi. Siku ya kwanza nilifumbua jicho moja nione kama anatania. Hakutania.

Panya mwenye njaa hula chochote, hata nyasi anazolalia na mavi yake. Kwa hiyo sakafu ya kizimba iwe na matundu, kila kitu kidondoke chini. Daktari alitaka sakafu za waya, na waya wa namna ile haukuwa katika duka lolote la kwetu. Ba Kapembwa akasema hilo halimshindi mtu wa Kabuta. Akachukua nyavu kuukuu za pamba, akazikaza kwenye fremu za mbao mpaka zikanyoka kama ngozi ya ngoma. Daktari alizipiga kwa kidole zikalia, akamsifu. Sote tulimsifu.

Mimi ndiye niliyechuma jani, kinywa kimefungwa kama mtu aliyeshika pini midomoni. Tukakausha, tukachuja, tukanywesha. Matokeo yalipokuja, panya wa jani walikuwa na vidonda vichache sana. Tulianza kufurahi. Kisha tukafungua panya wa maji matupu, nao walikuwa na vidonda vichache vilevile. Hapakuwa na tofauti ya kusemwa.

Mzee Chisanga alikuja kuuliza, na daktari, kwa kuwa hakujua kuficha, akamwambia alichokiona. Mzee aliinamisha kichwa, akashukuru, akaondoka. Haikupita juma tukasikia kwamba wazee watakutana, na kwamba shauri ni moja tu. Mama yangu alikwenda kumwambia Bana Chola asije akasikia kwa wapitanjia. Alimkuta akitwanga mihogo. Alitwanga mpaka mihogo ya kinuni ikaisha, akaufuta mchi, kisha akauliza kama wazee watamwonyesha mapema mahali pengine pa kulala, ili aanze kupazoea.

Lakini daktari hakuwa na raha. Alitembea kati ya vizimba akisema kwa Kiswahili chake cha Kongo kwamba panya wa maji hana ruhusa ya kuwa mzima namna ile. Katika kazi hii, wanangu, watu hufurahia dawa ikishinda na huhuzunika ikishindwa, lakini wachache humtazama yule asiyepewa kitu. Daktari alimtazama. Matumbo tulikuwa tumeyaweka katika chupa za spiriti. Akayatoa moja moja, akayarudia kwa kioo, na katika mikunjo ya tumbo la panya wa maji akaona nyuzi za rangi ya udongo, nyembamba kama nywele. Akatuita. Mimi nilidhani ni minyoo. Ba Kapembwa alitazama muda mrefu, akaketi juu ya gunia la chakula cha panya.

"Docta," akasema, "hii haiko ugonjwa. Hii iko wavu."

Akaeleza, akicheka kwa huzuni. Wavu wa pamba huoza upesi katika maji ya Mweru, kwa hiyo wavuvi huuchemsha pamoja na magome mekundu ya porini mpaka ugeuke rangi ya udongo, na hapo ziwa haliuli tena. Maji ya magome hayo ni machungu, yanakausha ulimi. Mama zetu walitunywesha hayohayo tukiharisha. Basi panya wote, wa jani na wa maji, walikuwa wametafuna sakafu zao tangu njaa ilipowashika. Matumbo tuliyoyadhani matupu yalikuwa na nyuzi, na nyuzi zilikuwa na dawa nyingine ambayo hakuna aliyekusudia kuipima. Tulipindua fremu kwenye mwanga. Pembeni zilikuwa zimeliwa.

"Nilisema ni wavu wa kizee," Ba Kapembwa akasema. "Kumbe banakula nyumba."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, akaniambia nifunge fremu moja nyuma ya baiskeli, tukaenda kwa Mzee Chisanga.

Tulimkuta ukumbini kwake. Alimsikiliza daktari mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Docta," akasema, "ulisema panya batajibu. Banajibu kwisha."

"Kweli, Mzee," daktari akasema. "Lakini niliwauliza vibaya."

Mzee aliichukua fremu, akapitisha kidole gumba palipotafunwa, akainusa. Mtu aliyechemsha nyavu tangu ujana hakuhitaji maelezo zaidi. Alisema kwamba wavu ukipanda mtupu, mvuvi huukagua wavu kwanza kabla ya kusema ziwa halina samaki. Akauahirisha mkutano mpaka mvua ziishe, na akaongeza kwamba asiombwe tena kungoja, maana kanisa nalo si panya wa kufungiwa.

Waya tuliupata jikoni kwa mke wa daktari. Alikuwa na kabati la nyama lenye kuta za wavu wa chuma, zuri kabisa, lililotoka mbali. Siku moja aliikuta nyama yake ndani ya sufuria, imefunikwa kwa sahani na jiwe juu, na kabati limebaki mbao. Kwa muda mrefu baada ya hapo daktari alikula maharage, na sikumsikia akilalamika.

Tukaanza upya. Sikuharakisha chochote. Nilichuma alfajiri kabla umande haujakauka, kisha nikagundua kwamba jani lenye umande linaota ukungu mkekani, nikarudia nikichuma jua likiwa limepanda kidogo. Mvua zilitusumbua. Mkeka mmoja ulilowa wote. Ba Kapembwa alikaza waya kwenye fremu akinung'unika kwamba chuma hakina fundo, basi mtu ataaminije kitu kisicho na fundo. Nami usiku nilimwombea Bana Chola, na nikajikuta nawaombea panya pia, kama daktari.

Safari hii matumbo ya panya wa maji yalikuwa na madoa mekundu na vidonda vyeusi, na mengine yalikaribia kutoboka. Ya panya wa jani mengi yalikuwa safi. Si yote, na daktari alitukataza kusema yote. Alijaribu pia kuwapa jani panya ambao vidonda vyao vilikwisha kuota, na hao hawakupata nafuu tuliyoweza kuiona. Aliandika kwamba jani linakinga, na kwamba hajaona likiponya. Alisema neno moja likizidi, kesho mtu atakayetapika damu atabaki nyumbani na chupa ya jani.

Wazee walikutana kanisani mchana, madirisha wazi. Walikaa nyuma ya meza, na Bana Chola aliketi kwenye benchi peke yake. Waliendesha mkutano kwa Kiswahili kwa ajili yake. Niliitwa kushuhudia kwamba nilichuma bila kusema neno, nikasema ndivyo, isipokuwa mara moja nilipiga chafya. Daktari akaeleza habari ya jani, na ya wavu pia, hakuruka kitu. Mzee Chisanga akasimama, akasema mapatano ni mapatano, nguvu iko ndani ya jani, na mama huyu arudi mezani. Akamuuliza kama ana neno.

Bana Chola alisimama, akashika kitambaa chake cha kichwa.

"Bazee, niko na asante," akasema. "Lakini wakati huu wote hakuna mutu alikuya kwangu kuniuliza. Muliuliza banamuke ba kuni. Muliuliza Docta. Mpaka na panya muliuliza. Mara ingine, muniulize miye kwanza, mbele ya panya."

Mmoja wa wazee vijana alikohoa kuficha kicheko. Mzee Chisanga hakucheka. Alitoka nyuma ya meza, akaja kuketi kwenye benchi lililomwelekea, kama mtu aliyekuja kumtembelea nyumbani.

"Mama, leo njo siku tunakuuliza. Unaambia muti nini?"

"Naita jina," akasema. "Sijue kuandika. Nikichuma ya mutoto, naita jina ya mutoto, nachuma kidogo. Nikichuma ya mutu mukubwa, naita jina yake, naongeza. Nikinyamaza nachanganya. Nafika nyumba, sijue tena hii ni ya nani na hii ni ya nani."

Mimi nilifikiria chupa zetu rafuni, kila moja na karatasi yake, na kalamu tuliyoifunga kwa uzi ukutani isipotee.

Mzee Chisanga aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna majina ya watu wa chumba kile ambayo mti ule ulipata kuyasikia. Bana Chola aliwatazama wazee mmoja mmoja, kuanzia mwisho wa meza mpaka mwisho mwingine, bila haraka.

"Bazee," akasema, "tuombe tu."

Tukaomba. Jumapili iliyofuata aliketi mbele, akapokea mkate na kikombe pamoja na wengine. Tangu siku ile wazee wa kanisa letu hawakumweka mtu kando kabla wawili wao hawajakwenda kuketi nyumbani kwake na kumuuliza. Sheria hiyo hamtaikuta imeandikwa mahali, lakini ndiyo iliyotulea.

Bana Chola aliishi miaka mingi baadaye, na nywele zangu zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe tulipomzika. Nilikuwa mmoja wa waliochimba, pembeni ya mumewe. Udongo wa kando ya ziwa ni mchanga, hauchukui muda kuchimbika. Hatukufanya haraka.